Mabenchi ya Mama

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitoa. Natumaini u mzima na baridi ya huko imekupunguzia makali. Mimi sijambo, ila goti langu la kushoto limeamua kuwa mzee kabla yangu. Shangazi yako anakusalimu. Bado analala chumba chako na bado anakoroma.

Nakuandikia kwa kompyuta ya mama yako, ile uliyomtumia alipoanza kuugua. Nilifikiri nitaifunika kitambaa niiache, lakini mkono ulikataa. Nimeiwasha, na kitu cha kwanza kutokea kilikuwa ule mchezo wake wa kujenga bustani ya starehe. Unakumbuka alivyokuwa akisema? "Mume wangu, wewe una karakana, mimi nina bembea kumi na treni inayopindua watu miguu juu." Mtu asiyeweza kupanda hata ngazi ya jukwaa la kanisa!

Sikujua kama bustani yenyewe ni kubwa hivi. Mchezo wenyewe ni mzuri, nisiseme uongo. Unakuachia uinue kilima kwa kidole, uchimbe ziwa, uchague hata rangi ya kamba za bembea. Kuna kibanda cha tiketi alichokijenga ubao mmoja mmoja, na paa lake limekatwa kama la karakana yangu, hadi ile kona iliyobonyea. Alikuwa ananicheka, naona.

Lakini lango limefungwa. Miaka yote miwili aliyoijenga hakuwahi kuingiza mgeni hata mmoja. Nilipomuuliza alisema, "Huwezi kukaribisha watu nyumba haijafagiliwa."

Sasa nauliza: nifungue? Na ninafunguaje? Hujaniandikia tangu mazishi, nami sitaki kukusumbua, lakini hili wewe ndiye unayelijua.

Baba yako

Tarehe 11 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Pole na goti.

Tafadhali usiguse kitu. Mchezo ule unajihifadhi wenyewe kila baada ya muda mfupi. Ukifungua lango, wageni wataingia, watatupa takataka, mitambo itaharibika, na hutaweza kuirudisha bustani alivyoiacha Mama. Hata njia zake ni ugonjwa: ukigusa kipande kimoja, kingine kinajipinda. Mama alinipigia simu mara ngapi kwa sababu ya njia tu. Uache ulivyo.

Baba, nina neno moja na sitaki kulizunguka. Kila Jumapili nilipopiga simu Mama aliniambia amekwenda sokoni kwa miguu na kurudi. Amefua. Amepiga soga na mama muuza mkaa. Siku nilipoambiwa hali ni mbaya, alikuwa amebakiza siku mbili, na bosi wangu hapa kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli alikuwa ameshakataa ruhusa. Mimi nilikuwa mbali. Wewe ulikuwa ndani ya nyumba. Ilikuwaje hukuona?

Mwanao

Tarehe 2 Machi

Mwanangu Chiriku,

Natumaini afya yako ni njema na mikono haijachubuka na sabuni. Sisi tupo. Shangazi yako ameanza kunipikia kama mtu anayelisha jeshi.

Swali lako nimelibeba wiki hizi zote. Nimelibeba karakanani, nimelibeba nikipachika sponji kwenye kochi la mwalimu mkuu hadi nikalishona upande wa ndani nje. Jibu nililonalo ni dogo: anayemwona mtu kila siku hamwoni. Nilikuwa natoka asubuhi yuko amekaa, narudi jioni yuko amekaa, chakula kipo mezani. Nikasema, leo anaendelea vizuri.

Sikugusa kitu, kama ulivyosema. Ila mama muuza mkaa ana mpwa wake anayejua mambo haya, akanionyesha kwamba mtu anaweza kushuka chini na kutembea ndani ya bustani kama mgeni, bila kubadilisha lolote. Hapo ndipo mchezo huu unapomteka mtu moyo. Ukiwa juu unaona mapaa tu kama ndege. Ukishuka, unasikia maji ya chemchemi, unaona kivuli cha mti kikilala njiani. Nikatembea. Nilianzia langoni, alikoanza kujenga yeye, nikafuata njia kuelekea ndani, huko alikomalizia.

Wewe unajua mimi ni fundi makochi. Jicho langu huanza na mahali pa kukaa. Pale langoni kuna benchi, kisha safari ndefu kabla hujaona lingine. Ukipita bembea, yanasogeleana kidogo. Ukipita ziwa, zaidi. Kule mwisho, kwenye ile sehemu aliyoijenga miezi yake ya mwisho, mabenchi yamekaribiana hivi kwamba mtu akinyanyuka kwenye moja anaweza kushika la pili. Na kule hakuna hata bembea ya kutazama. Nyasi tu.

Nikasimama pale. Ndipo nikakumbuka viti, mwanangu.

Mwaka jana vile viti vyetu vya jikoni vilianza kutembea. Nilikuwa nikirudi jioni nakuta kimoja ukumbini, kingine karibu na mlango wa nyuma, na ndoo imepinduliwa kando ya kamba ya nguo. Nikadhani ni watoto wa jirani, au ni yeye na uzembe wa ugonjwa. Kila jioni nilivirudisha jikoni, nikavipanga vizuri kuzunguka meza, nikaona nimemsaidia.  Asubuhi nikishaondoka, alikuwa anavikokota tena, kimoja kimoja, mpaka pale pumzi yake ilipokuwa inaishia.

Baba yako

Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Natumaini kimya hiki ni cha kazi na si cha homa. Mimi nipo, goti nalo lipo.

Sina jipya. Kompyuta inahema siku hizi kama mzee aliyepanda mlima. Sijagusa kitu.

Chiriku hata akinuna huwa analia kidogo, ili tujue yuko tawi gani.

Baba yako

Tarehe 9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo sana. U mzima? Goti je? Shangazi naye? Mwambie akukande kwa maji ya moto, na asikupikie kama jeshi. Mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa sijui pa kuanzia.

Barua yako niliisoma nikiwa kazini, nimekaa juu ya furushi la shuka. Msimamizi wetu, yule mama tunayemwita Sajini, akanikuta nalia akaniuliza, "Nani kakuudhi, nimfuate?" Nikamwambia, viti. Akaniangalia, kisha akanisogezea furushi lingine, akakaa.

Baba, mimi nilivisikia. Tukizungumza Jumapili, kulikuwa na sauti ya kitu kikikwaruza sakafu. Nilimuuliza, "Mama, nini hicho?" Akacheka: "Si baba yako na makochi yake!" Kumbe wewe ulikuwa karakanani. Siku moja nilimwambia ahame hapo penye makelele anisikie vizuri. Akasema, "Haya mama, nahama." Ikakwaruza tena.

Kwa hiyo ulimwona na hukumwona, na mimi nilimsikia na sikumsikia. Alitushinda wote wawili, na alitaka kutushinda. Lile swali langu nalirudisha kwangu. Nisamehe nililiandika kama karani wa mahakama.

Fungua lango, Baba. Alikuwa anangoja nyumba ifagiliwe, na sasa nani mwingine wa kuifagia? Kwanza mwombe huyo mpwa wa mama muuza mkaa akufanyie nakala ya bustani, ile ya Mama ibaki ilivyo. Halafu bofya alama ya lango, juu upande wa kulia.

Ila nakuonya usije ukaumia bure. Wageni wa mchezo ule ni wajinga. Wanakimbilia mitambo. Mama mwenyewe alisema wana adabu ya mbuzi, na hajawahi hata kuwaingiza, aliwaona kwenye bustani ya mfano tu. Usitegemee watakaa. Ruhusa yangu ya kuja nyumbani itatoka mwezi wa saba.

Mwanao Chiriku

Tarehe 21 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Salamu zako zimefika na nimezigawa kwa kila mtu, hata goti. Natumaini nawe u mzima. Msalimu Sajini.

Nimefungua. Nakala ipo, kijana ameiweka mahali pawili. Shangazi yako alivaa nguo ya kutokea akasema hawezi kwenda kwenye ufunguzi na kanga ya jikoni. Tukakaa mbele ya kioo cha kompyuta kama wakwe.

Waliingia kama maji. Wengi mno, kompyuta ikaanza kuhema, watu wakawa wanasita hewani mguu mmoja juu. Wanapita ndani ya wenzao kama moshi. Fedha zinajaa zenyewe bila mtu kutoka jasho. Mama yako angesema huo ndio uongo mkubwa wa mchezo huu. Lakini walipopanda ile treni yake wakainua mikono juu, Chiriku, shangazi yako alipiga kigelegele peke yake. Wote wameipenda. Juu ya vichwa vyao huwa yanatokea mawazo yao kwa maandishi, na kwa wengi yalisema kwamba bustani ni nzuri.

Kwenye mabenchi hakukaa mtu. Nilishuka chini, nikangoja mchana kutwa. Wanapita mbio. Wachache walifika kule mwisho kwenye nyasi, wakasimama, kichwani ikatokea "njia hii haifiki popote," wakageuka. Waliotengeneza mchezo wamewapa watu hawa njaa, kiu, hata hofu ya treni. Kuishiwa pumzi hawakuwapa. Siwalaumu. Labda hakuna aliyewaambia.

Nilitaka kuendeleza ile njia ifike mahali, ikajipinda kama waya. Nikaiacha. Jioni nikafunga lango, nikazima.

Kisha nikaenda jikoni nikavichukua viti. Kimoja nimekiweka ukumbini, kingine karibu na mlango wa nyuma, na ndoo nimeipindua kando ya kamba ya nguo. Vyote nimevivika sponji na kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye kochi la mwalimu mkuu. Hata ndoo. Shangazi yako anasema nyumba imekuwa kama kituo cha basi. Mimi huenda kutoka kimoja hadi kingine, nikikaa kila mahali alipokuwa akikaa. Ukiwa kwenye kile cha ukumbini, unaiona njia ya karakanani yote. Alikuwa ananiona nikirudi.

Umesema ruhusa yako itatoka mwezi wa saba. Ukifika, usivirudishe viti jikoni. Ingia polepole, na ukichoka kabla ya kunifikia, kaa. Nitakuja mimi hapo ulipo.

Baba yako