Kilo Nne za Zahanati

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka zahanati na mke wangu nikiwa nimefura. Tumekaa saa tatu na nusu kwenye benchi lisilo na mgongo, kwa dakika nne za daktari. Nimezihesabu! Na huyo kijana wa watu hakumtazama mgonjwa hata mara moja. Ananiuliza mimi: anakula? analala? Nikamwambia muulize mwenyewe, mdomo anao.

Mke wangu akamwonyesha vidole. Vimevimba kwenye maungio, asubuhi haviwezi kushika kikombe. Akamwonyesha goti. Akamwambia anachoka, na akilala anaamka na uchovu uleule. Jibu? Uzee huo, mama. Vidonge vya maumivu, rudi baada ya miezi mitatu.

Uzee! Mimi nimemzidi miaka mitano, mbona goti langu halijavimba?

Nikasema amekonda. Akafungua kadi: Septemba kilo hamsini na mbili, leo hamsini na moja. Kilo moja si kitu, mzee.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Ile mizani niliiona. Ya kusimama juu, ya mshale. Haina mtu, na mshale umekaa kwenye nne. Nne! Nilikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na moja, masokoni, maghalani, kwa wauza nyama. Nimefungia watu biashara kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikamwambia nesi. Akasema babu, tusicheleweshane, unaiona foleni.

Babu yake nani?

Jumatano, 5 Machi

Binti yetu kapiga simu. Anataka kumchukua mama yake akakae kwake. Chumba kipo kimoja, kitanda kimoja. Na mimi je? Eti tutaona, baba, labda kaka atakupokea.

Miaka arobaini na sita ya ndoa, halafu tugawanywe kama vyombo!

Nikamwambia mama yako hatoki hapa. Akasema, baba, mama anahitaji mtu mwenye nguvu wa kumwinua, nitajie mmoja hapo nyumbani. Nikamwambia: mimi. Akasema sawa, nimpeleke tena kwa daktari, aangaliwe vizuri, halafu nimpe majibu kama yalivyo. Nimeahidi. Ananijua, sijawahi kumdanganya mtu namba.

Mke wangu alikuwa anasikia. Amesema haendi popote. Huko nani atanigombeza, anasema.

Kopo la jemu limenishinda leo. Hivi viwanda vya siku hizi vinafunga mifuniko kwa mashine za kichaa, kana kwamba ndani kuna dhahabu. Fundi viatu wa jirani kalifungua kwa vidole viwili. Ana mikono ya kazi ile.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua. Mshale nje ya sifuri hautoshi, watasema macho ya mzee. Ushahidi ni jiwe la mizani. Ninalo moja chini ya kitanda, la chuma, kilo kumi, lina muhuri. Walinipa siku ya kustaafu. Nitaliweka juu ya mizani yao mbele ya foleni nzima, wasome kwa sauti!

Nimelivuta leo kulipangusa. Mshikio umeota kutu, unakata mkono. Zamani nilikuwa nabeba mawili ya kilo ishirini, moja kila mkono, nikipanda ngazi za maghala. Leo nimelifikisha mlangoni nikaketi. Kutu hiyo. Nimeifunga kwa kitambaa.

Mchana kwa fundi viatu, kutoboa mkanda tundu jipya. La tatu tangu mwaka uanze. Nimemwambia ngozi za sasa hovyo, zinavutika. Akacheka. Eti mzee wangu, mkanda ungevutika ungekuwa mwembamba pia, hebu utazame. Nimemlipa nikaondoka. Anayajua yote, huyo.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nilimwogesha mwenzangu. Kumwinua kutoka kwenye kigoda — mabega yake! Mifupa mitupu. Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Nimeogopa. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu: nimeogopa sana.

Nikamwinua nusu, miguu yangu ikakataa. Tukashuka wote wawili taratibu, tukakaa sakafuni, maji yanachuruzika. Tulikaa muda mrefu. Alianza kucheka yeye, nikamfuata. Mwishowe tulishika bomba la ukutani, mmoja kwanza, halafu mwingine.

Sakafu ile inateleza. Nitamwambia mwenye nyumba, na safari hii sitanyamaza.

Akasema, usimwambie binti. Nikasema nimwambie nini, hakuna aliyeanguka.

Jumanne, 11 Machi

Leo! Leo wamenitambua!

Nililitia jiwe kwenye kikapu, mke wangu akashika mkono wangu wa pili. Hatua mia nne na kumi mpaka zahanati, nazijua. Tulipumzika mara sita, kwa ajili yake. Taa ya kuvukia barabara inawaka sekunde kumi na mbili, nimehesabu, nani anavuka kwa sekunde kumi na mbili? Mbwa? Madereva wanapiga honi kama tumewaibia. Katikati ya barabara fundi viatu kaja mbio, kanipokonya kikapu. Sikumwomba. Kakibeba mpaka ndani kwa mkono mmoja.

Nikamwambia nesi: weka hilo jiwe hapo, dada, usome. Akasoma. Kumi na nne. Soma tena, kwa sauti. Kumi na nne! Benchi zima likageuka. Mama mmoja akasema, kumbe ndiyo maana mimi sipungui.

Nesi akakiri: mizani iliangushwa Desemba wakati wa kudeki, ikasimamishwa, kazi ikaendelea. Miezi mitatu wanaandika uongo kwenye kadi za watu, na hakuna aliyeona! Watu wanakonda mpaka wanaisha, kadi zinasema hawajambo.

Nikainama nikaikaza skrubu mwenyewe. Sifuri. Nikamvua mke wangu viatu, akapanda. Arobaini na saba.

Daktari akatoka chumbani. Akaitazama ile namba, akamtazama yeye — yeye! — kwa mara ya kwanza. Kilo tano ndani ya miezi sita, akasema, hii si ya kuachia. Akachukua damu. Majibu keshokutwa.

Nesi kaniita baba.

Alhamisi, 13 Machi

Majibu. Daktari anasema kuna mchochota mwilini, tena uko juu. Nikamwambia aseme lugha ya watu. Akavuta kiti akakaa mbele ya mke wangu. Mwili, anasema, una askari wake wa kupigana na vijidudu. Mwili wako umewaita vitani na hakuna adui, sasa wanapiga raia. Ndiyo vidole, ndiyo goti, ndiyo uchovu. Na vita hiyo inakula misuli, mtu anaisha nguvu taratibu. Inawapata wengi wa umri wenu, akasema, lakini kuwapata wengi hakuifanyi iwe kawaida. Nilikosea siku ile, mama, unisamehe. Mke wangu akamwambia haya, mwanangu.

Mimi nilikuwa bado natafuta la kumsema.

Kuna dawa. Kuna mayai, maharage, nyama ikipatikana. Na zoezi: kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa, kila siku, akishikwa na mtu mwenye nguvu. Nyumbani yupo? Yupo, nikasema.

Nesi akasema, basi na wewe, baba, panda tukuone.

Nikavua viatu. Sikungoja kuambiwa. Kadi yangu ya mwaka juzi inasema sitini na nane. Nilisoma mshale mara tatu. Hamsini na saba.

Daktari akanipa mkono wake. Bana, mzee. Nabana. Bana basi. Nimeshasema nabana! Akaniweka kwenye kiti: simama mara tano bila kushika kitu. Nilisimama mara mbili. Akanitoa damu na mimi.

Nilimtafuta wa kumlaumu. Mizani niliikaza kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa ni saa kumi. Binti kapiga. Nimemsomea majibu ya mama yake yote, namba kwa namba, kama nilivyoahidi. Akalia, akanishukuru. Kasema bila jiwe lako, baba, tungempoteza. Halafu kauliza: na wewe, wamekupima?

Mke wangu yuko kitandani, anatikisa kichwa. Usiseme. Anatikisa tena.

Nimemwambia binti angoje, natafuta miwani niisome kadi. Nimeilaza simu mezani karibu na daftari hili. Hajakata. Namsikia anaita — baba? baba?

Miwani ninayo usoni.