Fidla Chini ya Miguu ya Somoe

Jumatano, 1 Agosti 1973

Mwalimu Anna wa kisomo cha watu wazima kasema tuandike kila siku, hata kidogo. Basi naandika habari ya ghala.

Bwanaheri, mume wa dada yangu Somoe, kafariki mwezi wa sita. Walikuwa wanakaa hapa kwangu, vyumba vya juu. Sasa Somoe amekaa eda, nguo nyeupe, hatoki. Muziki ndani ya nyumba yenye eda — aibu. Nakubali. Lakini fidla yake marehemu kamwachia mwanangu Thabiti, kwa ulimi wake, mimi nikiwepo. Thabiti anasema kama hapa haipigwi ataenda nayo Dar, kuna kikundi kinamtaka.

Mwanangu mmoja tu. Haendi.

Ghala la chini limechimbwa ndani ya kilima, kuta nene za matumbawe. Nitaliziba, sauti isitoke. Hakuna fundi Mikindani wa kuiweza kazi hii. Mimi naiweza.

Jumamosi, 4 Agosti

Kapita Abeid, kaka mkubwa wa marehemu. Nimemweleza. Kacheka, kasema sauti si maji, Fundi, utaizibaje. Kisha akakaza uso. Atakuja Ijumaa ya tarehe kumi na saba, baada ya sala. Atasimama mlangoni kwa Somoe, Thabiti apige chini. Akisikia chochote, fidla itoke nyumba hii. Nikamwambia aje na masikio ya kuazima, yake hayatamtosha.

Madirisha nimeyajenga kwa mawe. Mlango nimeuvika magunia juu ya magunia. Shida ni dari. Juu yake ndiyo sakafu ya Somoe — boriti, vijiwe, chokaa kuukuu. Sauti inapanda humo. Nimepigilia mbao chini ya boriti, katikati pamebaki uwazi wa kujaza kitu. Kitu gani? Nimeshajua.

Jumanne, 7 Agosti

Maganda ya korosho! Bure kabisa, wabanguaji wa Mpapura wanayatupa. Thabiti kasema baba, yana mafuta hayo. Nikamwambia yamekauka. Nilikuwa naijua korosho kabla mama yake hajazaliwa. Nimejaza kwa mikono mitupu mpaka magharibi.

Jumatano, 8 Agosti

Naandika kwa taabu. Mikono imebabuka kama nimeshika makaa. Mafuta yamepenya kwenye mbao, yananidondokea. Thabiti hakuwemo, alhamdulillahi. Vidole vyake ndiyo fidla yenyewe. Maganda yote nimeyatoa.

Somoe kaniita juu. Kanipaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja, kama mama yetu alivyokuwa anatupaka. Hakunilaumu. Kauliza tu dari itajazwa nini sasa. Nikasema nina mipango yangu.

Sina.

Ijumaa, 10 Agosti

Asubuhi nimekuta godoro lake kichwani mwa ngazi, kaliburuta mwenyewe. Lile la usufi, la harusi yao. Nikasema Somoe, hapana.

"Kubwa, kaka. Mtu mmoja unapotea humo. Lichane."

Nikakishika kisu. Nikashuka ngazi nacho, nikapanda tena. Mkono haukutaka. Akakichukua akachana yeye.

Usufi umeruka nyumba nzima, umenikaa kwenye nyusi na ndevu. Kaniangalia, kacheka. Tangu msiba sijamsikia kucheka. Nikajitia sioni kitu, nikaacha ndevu zangu hivyohivyo mpaka mchana.

Jumatatu, 13 Agosti

Kazi imeisha. Thabiti kapiga chini, mimi nikalala kifudifudi chumbani kwa Somoe, sikio sakafuni. Kimya. Nikazunguka nyumba nje. Kimya. Wazungu wa bandarini waje wajifunze.

Kona ya mashariki tu, chumbani kwa Somoe. Boriti iliyooza, pana tundu, kidole kinapita. Sauti inatoka hapo, nyembamba, kama mtu anakuita kutoka shamba la mbali. Kesho naliziba.

Jumanne, 14 Agosti

Nimepanda na ndoo ya chokaa. Mkeka wa Somoe umehama. Siku zote unakaa dirishani, leo uko kona ya mashariki, na yeye yuko juu yake, tasbihi mkononi. Nikamwambia asogee. Kasema chokaa italoanisha mkeka. Nikasema mkeka unahamishika. Akageukia ukutani.

"Kazi yako nzuri, kaka. Imekwisha. Usiiharibu."

Nimesimama na ndoo kama mtu aliyesahau njia. Nikashuka.

Maisha yangu sijaacha tundu kwenye kazi. Abeid anakuja Ijumaa. Chokaa imeganda ndooni.

Ijumaa, 17 Agosti

Abeid kaja. Kabla hajapanda nilichungulia chumbani: Somoe kajikalia juu ya tundu, nguo nyeupe kazitandaza pande zote. Hakuniangalia. Nikashusha pazia.

Abeid kasimama ukumbini. Nikagonga sakafu kwa fimbo, Thabiti akaanza. Abeid kafumba macho, kainamisha kichwa huku, kakiinamisha kule. Kangoja sana. Mwisho kasema, inamtoka kwa shida:

"Fundi, sisikii kitu."

Nilitaka nimwambie arudie, mtaa usikie.

Hapo ikaja sauti. Si fidla. Nyuma ya pazia, chini kwa chini, bila maneno — Somoe anaufuatisha. Ule wimbo Bwanaheri alikuwa anaupiga alasiri akingojea chai yake. Abeid kafumbua macho. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kikohozi cha kifaduro. Haikusaidia, dada yangu hakusikia kikohozi wala kitu.

Abeid kashuka, kakaa barazani, chini ya dirisha la Somoe. Kahawa kaikataa. Yuko hapo mpaka sasa, namwona kutoka mezani ninapoandika. Juu Somoe hajanyamaza. Chini Thabiti hajui lolote, anapiga tu.

Nimetoka kumuuliza Abeid kaamuaje. Fidla inakaa au inatoka, aseme. Kaniinulia mkono, kanizuia. Macho yake mekundu.

Kasema ningoje kwanza, wimbo haujaisha.