Kikwembe cha Kushukuru Maji

Mama Katungu,

Sijui kama shida hii ni ya ndoa au ya serikali, wewe utaniambia, kwa sababu bwana yangu Donat ndiye mkuu wa kamati ya maendeleo ya kijiji chetu, hapa kaskazini ya Lubumbashi, ile inayoamua fungu la pesa za mgodi kwa wenyeji lifanye kazi gani, na siku ya kuizindua walituambia mamlaka sasa yameteremka hadi kwa mtu wa chini, na kweli yaliteremka, yakafika nyumbani kwangu, yakakaa kwenye kiti cha Donat, hayajaenda mbele. Sisi wanawake tuliwaonyesha bondeni ambako maji yako karibu, lakini wao wakachimba kisima kando ya barabara ili magari ya wageni yasikwame, na pampu imesimama pale, imepakwa rangi ya bluu, haitoi hata tone, na bado tunateka mtoni maji yaliyomlaza mjukuu wangu Chance hospitalini. Jumamosi wakubwa wanakuja kuifungua, tumegawiwa vikwembe, vitambaa vya kushona nguo vilivyoandikwa "Asante kwa maji", mimi ndiye kiongozi wa wanawake wa kuwachezea wageni, na nilipomuuliza Donat tunashukuru nini, akanijibu, "Bibi, mayi itakuya. Mucheze kwanza." Ameshaagiza gari la tangi lije asubuhi kumwaga maji kisimani, ili mgeni apate glasi yake. Nikikataa kucheza, atapoteza cheo na mimi nitampoteza yeye; nikicheza, nitamtazama Chance kwa macho gani?

Delphine

Delphine,

Pole kwa mjukuu. Utamu wangu umeishia hapo.

Barua yako haisemi kikwembe chako kiko wapi, kwa hiyo najua kiko kwa fundi na mikono imeshakatwa. Donat anawajua vizuri: mkipewa kitambaa, mnacheza, maswali baadaye.

Basi kivae, ucheze. Lakini kila mwanamke aje na bidoni tupu ya kutekea maji kichwani. Mgeni akimaliza glasi yake, msipige makofi. Pangeni foleni, wewe mbele, umwombe kwa heshima akujazie bidoni ya Chance kwa mkono wake. Mbele ya kamera hatakataa. Pampu ikikauka, usilie, wala usimtaje bwana yako. Sema tu, "Papa, tuko tunangoya." Na mngoje kweli, mpaka aulize nani alichagua kuchimba barabarani. Hapo mpelekeni bondeni, kwa miguu.

Ndoa yako? Jioni Donat atarudi nyumbani na kiu. Mpe bidoni, umwonyeshe njia ya mtoni.