Boliti Mbili za Mbele za Kiti cha Dereva

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: malalamiko ya uharibifu wa lori la maji, na kuumia kwa dereva wake
Jina: anajulikana kama Mama Spana, jina la kitambulisho limo jaladani
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa magari, mwenye gereji
Makazi: chumba cha nyuma ya gereji yake, mwisho wa mteremko wa barabara ya kokoto
Uhusiano na majeruhi: dada yake, tumbo moja

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Koplo amenieleza kwamba mwenye lori amelalamika kuwa nimemharibia kiti cha dereva na kumwaga maji yake lita elfu kumi. Nakubali vyote viwili. Kiti nimekikata na maji nimeyafungulia, na naomba iandikwe hivyo bila kupunguzwa. Nilichokuja kueleza ni kwa nini nilichelewa kufanya hivyo.

Gereji ni yangu, sikurithi kwa mtu. Nilianza kwa kuosha vipuri vya mafundi wengine kwa mafuta ya taa, nikawa nanunua spana moja moja mpaka seti ikatimia. Jina langu limejengwa na jambo moja: gari la mteja silivunji. Boliti ikigoma naipa dawa ya kutu, naigonga taratibu, naisubiri, naikaza kidogo kisha ndiyo naifungua. Mafundi wa mtaa mzima huniletea boliti zilizowashinda. Sijisifu. Nasema kwa sababu tabia hiyo ndiyo iliyomponza mdogo wangu.

Mdogo wangu ni dereva wa lori hilo kwa miezi minne sasa. Wenzake humwita Mlingoti kwa urefu wake. Hata akisogeza kiti nyuma kabisa, magoti yanagusa dashibodi. Mwanzoni mwa wiki aliniambia breki za lori zinaingia hewa. Alikuwa ameshamwambia tajiri wake, nikiwa na maana ya mwenye gari, na tajiri akamjibu amalize kwanza safari za wiki. Tarehe 14 mwezi huu, mchana, alinipigia simu kwamba analileta kwangu siku hiyo hiyo na mzigo wake wa maji, tajiri apende asipende. Nikamwambia aje na gia ndogo.

Saa 8:10 mchana nilisikia honi imeng'ang'ania huko juu ya mteremko. Nilitoka nikaliona lori linakuja, na mimi ni fundi, nilijua kwa mwendo ule kwamba breki hamna. Upande wa kulia wa barabara kulikuwa na watu kama ishirini wanasubiri usafiri. Mdogo wangu alikata kushoto, akaingia kwenye ukuta wa gereji yangu. Kati ya lori na ukuta kulikuwa na gari dogo la mteja, halikuwa na mtu ndani. Lilikunjika lote. Tangi lake lilipasuka na petroli ikaanza kutiririka chini ya kabini ya lori.

Nilipanda upande wa dereva. Usukani ulikuwa umemkalia juu ya paja, na mguu wa kulia kuanzia gotini kushuka ulikuwa umebanwa kati ya pedeli na bati la mbele. Alikuwa macho. Aliponiona alisema, "Dada, nimekuletea gari mpaka ndani." Nilimwambia anyamaze, atunze pumzi.

Fundi wa matairi, ambaye kibanda chake kinatazamana na gereji yangu, aliwapigia zimamoto. Walisema gari lao liko kwenye moto mwingine ng'ambo ya pili ya mji, watakuja. Watu walitaka kulivuta lori kwa nyuma kwa mnyororo. Nilikataa, kwa sababu usukani ulikuwa umelinasa paja, na lori lingerudi nyuma pamoja nalo. Kukata kwa gesi au kwa grenda hakukuwezekana, petroli ilikuwa miguuni petu. Cheche moja ingetuchoma sote. Njia niliyoiona ilikuwa kufungua kiti. Kiti kikiachia kingerudi nyuma upana wa shubiri moja na nusu, na huo ungetosha kuchomoa mguu.

Kiti hicho kimefungwa sakafuni kwa boliti nne za spana namba 17, vichwa viko juu ndani ya kabini, nati ziko chini. Mbili za nyuma zilitoka bila ubishi. Saa 8:25 zilikuwa mkononi mwangu. Nikajua na za mbele zitatoka. Fundi yeyote angejua hivyo.

Saa 8:30 tajiri alifika. Ofisi yake haiko mbali. Alizunguka lori, akapiga picha kwa simu, akaja mlangoni kwangu. Hakumsalimia mdogo wangu. Aliniambia nisivunje kitu chochote, watu wa bima wanataka kuliona gari kama lilivyo. Nilimjibu kwamba sivunji, nafungua boliti mbili tu. Akasema sawa, na akasimama hatua chache kutoka nilipokuwa, chini ya kivuli cha paa la gereji. Alisimama hapo muda wote ninaoueleza.

Nilizimwagia boliti za mbele dawa ya kutu. Nikasubiri. Nikagonga kwa nyundo ya shaba, kwa kuwa shaba haitoi cheche. Nikavalisha spana bomba la urefu wa mita moja, tukalivuta wawili, mimi na fundi wa matairi. Boliti ya kulia haikutikisika. Nikaongeza dawa, nikasubiri tena. Mdogo wangu aliniuliza kama ni kutu. Nikasema ndiyo, kutu ya maji, lori la maji hilo, unategemea nini. Alicheka kidogo. Akasema, "Usikivunje kiti cha watu, dada. Nitafukuzwa kazi." Hayo ni maneno ya mtu ambaye mguu wake ulikuwa unavuja damu ndani ya kiatu, na mimi nikayasikiliza kana kwamba ni maagizo ya mteja.

Mvuto wa tatu kichwa cha boliti ya kulia kilisagika kikawa mviringo. Nikahamia ya kushoto. Nilitumia spana ya ring, ile ya kichwa cha duara, kisha soketi, kisha koleo la bomba. Nilijaribu kuikaza kwanza ili ivunje kutu, haikukaza. Boliti yenye kutu hulia kabla ya kuachia. Hizi hazikulia. Ningelitilia maanani jambo hilo kama mikono yangu ingekuwa inafanya kazi kwa mtu mwingine. Nilimwambia fundi wa matairi tuvute kwa uzito wote, wa tatu aning'inie mwisho wa bomba. Tukavuta. Spana ilikatika katikati na ikanichana kiganja cha kulia. Jeraha hilo lilishonwa hospitali siku hiyo hiyo.

Hapo mdogo wangu alikuwa haongei tena mfululizo. Niliufunga mguu juu ya goti kwa mkanda wangu wa suruali. Aliniuliza saa ngapi, nikamwambia. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena, nikamwambia tena. Mara ya tatu sikuitazama saa, nilimtajia ile ile ya mwanzo, ili asijue muda unakwenda.

Tajiri alisogea mara moja. Alisema, "Mama, taratibu na hiyo sakafu." Nilimwambia aniletee tambara la kufutia damu kwenye bomba, mikono inateleza. Alimwita mtu mwingine alete.

Saa 9:35 niliamua kuzifuata nati kwa chini. Mwanzoni sikwenda huko kwa sababu bampa ilikuwa imeshuka na petroli ilikuwa imetuama. Palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono tu. Nililala juu ya petroli, nikaingiza mkono wa kushoto mpaka begani, nikaitafuta nati ya kulia kwa vidole. Sikuikuta pembe hata moja ya nati, wala ncha ya boliti. Nilikuta donge. Nikakwangua kwa ukucha, rangi ya lami ikatoka, chini yake nikahisi chuma kilichoyeyushwa kikapoa. Nikahamia ya kushoto, ikawa vile vile. Boliti, nati na sakafu vilikuwa vimeshikanishwa kwa kuchomelewa, vimekuwa kitu kimoja. Za nyuma zilipona kwa sababu boriti ya chasisi inazikinga, mchomeleaji hakuweza kuzifikia.

Hakuna spana duniani inayofungua kitu kama hicho. Nilikuwa nimepoteza saa moja na dakika kumi nikibembeleza chuma kisichokuwa na uzi wa kufungukia.

Nilitoka chini ya lori, nikamwendea tajiri. Nilimuuliza kama boliti za kiti zimechomelewa. Alitazama lori, hakunitazama mimi. Alisema, "Zilichomelewa mwaka jana. Wezi walikuwa wananimalizia viti, betri, mpaka tairi za akiba. Magari yangu yote."

Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua tangu umesimama hapo?"

Akasema, "Hukuniuliza, mama."

Fundi wa matairi alikuwepo na ameyasikia. Naomba na yeye aitwe.

Sikumgusa tajiri, ijapokuwa yapo maneno mtaani kwamba nilimpiga. Sikuwa na muda wa kumpiga. Nilimwambia fundi wa matairi afungulie koki ya maji ya lori yote, hadi mwisho. Tajiri alisema maji hayo yana mwenyewe, ni ya kupelekwa kwa watu. Koki ikafunguliwa. Maji yakaisukuma petroli yote mtaroni. Nilichukua msumeno wa chuma wa mkono, mtu mmoja akawa ananimwagia maji juu ya ubapa wake usipate moto, na nikaacha kuhangaika na boliti. Nikaikata miguu miwili ya mbele ya kiti chenyewe, bomba jembamba tu la chuma. Ubapa wa kwanza ulikatika, nikavalisha wa pili.

Nilianza saa 9:40. Saa 9:51 kiti kilikuwa kimelegea. Dakika kumi na moja kwa miguu yote miwili, na mimi nikiwa na kiganja kimoja kizima. Hesabu hiyo nimeirudia usiku kucha kwenye benchi la hospitali na kila mara inatoka ile ile. Kama ningeanza kukivunja kiti saa 8:25, mdogo wangu angekuwa nje kabla ya saa tisa kasoro robo, hata nikiongezea muda wa kuondoa petroli. Msumeno ulikuwa ukutani, umetundikwa kwenye msumari wake, mita nne kutoka lorini. Sikuutazama hata mara moja, kwa sababu gari la watu silivunji.

Tulikirudisha kiti nyuma, nikashika mguu mwenyewe nikauchomoa. Alipiga ukelele mmoja, kisha akalegea. Tulimlaza kwenye mlango wa gari dogo uliokuwa umeng'oka, tukampakia kwenye pikapu ya mteja wangu mwingine. Zimamoto tulipishana nao kwenye kona ya juu.

Hospitali walijitahidi kuunga mshipa wa damu usiku ule. Alfajiri ya leo daktari aliniita pembeni. Aliniambia mguu umekufa kuanzia chini ya goti, na sumu yake imeanza kupanda, usipokatwa utaondoka naye. Nilimuuliza kama saa moja ingeleta tofauti. Alisema ingempa nafasi. Hakusema kubwa au ndogo, na mimi sikumuuliza tena.

Koplo ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Tajiri ana malori mengine matano, na kwa kinywa chake amesema yote yamechomelewa hivyo. Nikija hapa asubuhi hii nimelipisha moja barabarani, limejaa maji. Dereva alinipigia honi ya salamu. Naomba yasimamishwe leo, si baada ya bima kuja kupiga picha. Fidia ya kiti na maji kama ipo nitalipa, mahakama iseme. Ila niulizwe pia nimlipe nani kwa ule muda ambao mtu alisimama kivulini akiniangalia nafungua kisichofunguka.

Mdogo wangu hana uwezo wa kushika kalamu. Mke hana, wazazi wetu hawapo, na yule daktari alitaka saini ya ndugu kabla ya kuukata mguu. Mimi ndiye ndugu. Nimeitia saa 12:40 asubuhi ya leo, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umefungwa bandeji. Aliponiona naandika aliniuliza naandika nini. Nilimwambia ni karatasi za gereji.

Niliyoyasema hapa nimeyaona kwa macho yangu na kuyafanya kwa mikono yangu, na hakuna aliyenilazimisha. Sasa natia saini ya pili ya siku, kwa mkono ule ule.

Saini ya shahidi: (imetiwa kwa mkono wa kushoto)

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika mimi, Koplo wa zamu, leo tarehe 15, kuanzia saa 1:50 hadi saa 3:15 asubuhi. Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi, hakutaka neno libadilishwe. Taarifa ya malori matano nimeipeleka kwa mkuu wa usalama barabarani saa 3:20. Shahidi hakusubiri nakala yake. Upasuaji umepangwa saa 4:00, na ameomba awe mlangoni mdogo wake atakapopitishwa, ili amwambie mwenyewe.