Mama Mkwe Ameniombea Amani

Nilmini, si nilikuambia upole wa mama mkwe una jambo? Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, siku hizi anatabasamu tu.

Leo Poya, sikukuu yetu Wabudha ya mwezi mpevu, tumekaa hekaluni, tumevaa nyeupe, tunatafakari. Mtawa akasema tujitakie amani wenyewe, kisha tunaowapenda, mwisho adui. Mama mkwe kafumba macho, lakini mdomo wake haunyamazi.

Kwa wapendwa kamtaja mwanawe na paka. Paka, Nilmini.

Kwa adui akanong'ona, "Dilhani apate amani." Jina langu. Akarudia, kwa upole kabisa.

Nje akanishika shavu. "Leo nimekuombea, binti yangu."

"Hata mimi nimekuombea, Mama. Palepale uliponiombea wewe."

Sasa tuko basi moja. Sote tunatabasamu.