Mlalamikaji Mmoja wa Dodoma Nzima

Jumanne, Makole

Na bado wananiita mtaalamu.

Asubuhi bosi ameona kwamba malalamiko yote ya maji kwenye mfumo wetu, ya Chemba, ya Mtera, ya hapa Makole, yanatoka anwani moja ya IP, ile namba inayotambulisha kifaa mtandaoni. Akaniita. "Huyu ni mtu mmoja, ana chuki na ofisi. Mfungie."

Nikamweleza kwa adabu kwamba kila ujumbe unapita kwanza kwenye seva yetu ya mbele, na programu yangu ya Java inanukuu anwani ya seva hiyo badala ya ya mwananchi. Ni kama mlinzi wa getini kuandika jina lake mwenyewe kila anapoingia mgeni. Nikaomba muda hadi jioni nirekebishe.

"Kwa hiyo na wewe unamtetea?"

Nikaifunga ile anwani. Dodoma nzima ikafungiwa nayo.

Jioni kwenye kikao bosi ametangaza kwamba kero ya maji imekwisha mkoa mzima, kwani hakuna anayelalamika tena. Tumepiga makofi. Mimi pia, tena kwa nguvu.

Nimefika nyumbani, bomba limekauka. Nimeingia kwenye mfumo nilioutengeneza mwenyewe, nilalamike.

Nimefungiwa.