Anayecheka Kwanza Achemshe Chai

Mshauri mpendwa,

Nimeficha maisha yangu yote ya utu uzima kwamba napenda vichekesho, vile vya zamani vya televisheni na filamu za watu wanaoanguka ovyo, navipenda kwa moyo wote, na mtoto wangu wa pekee hajui, na mke wangu tumemzika bila mimi kumwambia. Usicheke bado. Naomba unisaidie kwa sababu moyo umechoka, miguu imevimba hata viatu havivaliki, na daktari siku hizi anazungumza nami kwa upole ambao zamani hakuwa nao, kwa hiyo naelewa kwamba muda wa kuzungukazunguka sina.

Mimi ni msomi, nilipita chuo kikuu enzi ambazo tulikuwa wa kuhesabika, kisha nikaajiriwa kituo cha televisheni kuwa mkaguzi wa vipindi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kanda ikiletwa, kabla haijarushwa hewani, mtu mmoja anaingia nayo kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye kiti kimoja, anavaa hedifoni, anaitazama mwanzo hadi mwisho na kuandika mahali picha inaporuka au sauti inapokatika. Mtu huyo nilikuwa mimi. Humo ndimo nilimochekea, mshauri, nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikafuta macho, nikafungua mlango nimekunja uso, na wenzangu wa ofisi ya jirani wakaniita Bwana Saruji.

Kulikuwa na kipindi cha karani mnene aliyemwogopa bosi wake kiasi kwamba aliomba radhi kwenye simu kabla haijaita. Kulikuwa na filamu ya wapaka rangi wawili walioanza kupaka sakafu kutokea mlangoni, wakaishia kwenye kona, wakakaa humo kungoja rangi ikauke huku wakigombana nani alianzia wapi. Vichekesho vya sasa vinakupa utani kisha vinakufafanulia, na mchekeshaji mwenyewe anacheka kabla yako. Wale wa zamani walikuwa kama hawajui kwamba wanachekesha. Karani yule alianguka kama mtu anayewaza jambo jingine kabisa. Na mwenye nyumba wake, mama mmoja mrefu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusimama mlangoni bila kusema neno, kwangu mimi ndiye mkubwa wao wote, na nitakufa na maoni hayo. Nilipenda hata vicheko vya watazamaji waliorekodiwa ukumbini, kwa sababu kila mara palikuwa na mmoja anayechelewa, wenzake wamekwisha kunyamaza ndipo yeye anaelewa. Huyo nilikuwa namngoja kama rafiki.

Sasa shida yangu. Mimi na mke wangu tulikuwa na mchezo, aliouanzisha yeye tukiwa bado wageni wa ndoa: kipindi kikianza, anayecheka kwanza ndiye anayeinuka kuchemsha chai. Yeye alikuwa fundi cherehani, mtu wa kucheka mpaka pini zinamdondoka mdomoni. Mimi sikucheka hata siku moja. Ningechekaje, wakati kile kipindi nimekwisha kukiona siku chache nyuma chumbani kwangu, nimecheka zangu zote zimekwisha? Yeye nilimwambia kwamba nakagua taarifa ya habari na vipindi vya kilimo. Basi karani anateleza, mke wangu anapasuka, "Ai! Leo nimekufa mie! Wewe mwanaume wa mbao, hata hili?" nami namjibu, "Kipi cha kuchekesha hapo?" naye anakwenda jikoni huku mabega bado yanamtikisika, na chai haikuchelewa kamwe kwa sababu birika alikuwa ameshalibandika kabla kipindi hakijaanza, ananiletea kikombe nami nakipokea kama hakimu.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Nilijiambia siku moja nitacheka, nimshangaze. Lakini uso ukishazoea kukunjwa hauna siku nzuri ya kukunjuka, kila mwaka uliopita niliona kwamba nikicheka sasa ataniuliza, "Kumbe siku zote hizo?" nami nikaahirisha, nikastaafu, nikaendelea kuahirisha, mpaka asubuhi moja cherehani ikanyamaza.

Siku ya mazishi nilikuwa nimejilaza chumbani, nikamsikia binti yangu akimwambia shangazi yake, "Mama alicheka peke yake miaka yote ile, kama anaongea na ukuta. Baba hata hakumwonea huruma akajifanya." Dada yangu akasema, "Nyamaza, baba yako ndivyo alivyo." Maneno ya dada yangu ndiyo yaliyoniuma zaidi.

Binti yangu ni mwalimu wa hesabu. Huja Jumapili, hupanga dawa zangu kwenye vikasha vyake, kisha hukaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina hospitalini. Siku nyingine hakuna anayekuja isipokuwa jirani anayeniletea chakula mlangoni. Kuna stesheni inayorudia vipindi vile kila alasiri. Navitazama. Nacheka, halafu nageuka kukiangalia kiti cha pili, na kicheko kinaisha katikati. Chai nimeacha, daktari hapendi, nakunywa maji ya moto ya chupa aliyoijaza jirani. Nikisikia lango linafunguliwa nabadilisha stesheni haraka. Jumapili iliyopita sikuwahi vizuri.

"Baba, nimesikia mtu anacheka humu ndani."

"Ni televisheni."

"Hii? Si wanasoma bei ya mbolea?"

"Dunia imeharibika," nikasema.

Akaenda kupanga dawa.

Nimwambie, mshauri? Nikimwambia nitakuwa baba aliyemchezea mama yake rafu ili aletewe chai. Nisipomwambia nitazikwa kama mwanaume aliyekaa na mwanamke mcheshi maisha yote na asimfurahie. Sijui lipi nibebe.

Bwana Saruji

*

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitamani ningekuwa karibu nikurushie kandambili.

Wewe umelipwa mshahara maisha yako yote kuona kasoro ambazo wengine hatuzioni. Picha ikiruka kidogo tu, unaandika. Na lile birika, baba? Hukuliona? Mtu asiyejua nani atashindwa habandiki maji kabla mchezo haujaanza. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba maji yalikuwa jikoni tayari, ukapita kama vile hujasema kitu. Mimi sikumjua mkeo na sitaapa kwa ajili yake, lakini mke anayemfulia mume mashati na kumwekea chakula kila siku, eti asijue mumewe anatazama nini kazini? Vipindi vya kilimo! Ulishawahi kumpa ushauri hata wa mche mmoja wa nyanya? Nadhani alijua. Nadhani chai ile alikuwa ameshaichagua kabla hajakaa, na kucheka alikucheka wewe pia, ulivyokaa pale umejikaza kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Lakini usilichukue hilo ukalifanya mto wa kulalia. Hata kama alijua, alikuwa anangoja kukusikia, na hukumpa. Hilo limepita na huwezi kulifikia tena. Lia kidogo kama unataka, hakuna anayekuona.

Binti yako unaweza kumfikia. Unajiuliza atakuonaje ukimwambia. Mzee wangu, anavyokuona sasa ndivyo vibaya zaidi. Yule anayekaa ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani hajaja kupanga dawa tu, dawa angeweza kukupangia za mwezi mzima. Anangoja kitu kwako, kama mama yake alivyongoja, na yeye hana karani wa kumchekesha wakati anangoja.

Kwa hiyo Jumapili hii, lango likifunguliwa, rimoti uikalie. Akukute. Usianze na hotuba, wasomi mnao ugonjwa huo. Mwambie mchezo na sheria yake, mwambie habari ya chumba na hedifoni, kwa ufupi, kisha kaeni mtazame. Cheka kwanza, kwa sauti, usione haya. Halafu inuka ukachemshe chai wewe mwenyewe. Miguu imevimba, najua, shika ukuta, umeshauzoea. Akitaka kukusaidia mkatalie mpaka maji yachemke. Na hilo la daktari kukataza chai, muulize vizuri kama kikombe kimoja chepesi kina neno. Sidhani kama jambo hilo ni zito kama unavyolifanya.

*

Barua ya mzee huyu ilipokwisha kujibiwa, aliniletea mistari mingine. Naichapisha kama ilivyo.

Mshauri,

Alinikuta nikitazama. Nilimweleza yote, kwa ufupi kama ulivyoagiza. Alisimama mlangoni kama yule mama mwenye nyumba, nikadhani nimeharibu. Kisha akaketi, si ukingoni. Kwenye kiti cha mama yake. Karani akateleza, nikacheka kwa sauti nisiyoifahamu mwenyewe, na yeye akawa ananitazama mimi, si televisheni. Karani akaomba radhi kwenye simu ambayo haijaita. Ukumbi ukacheka, ukanyamaza. Ndipo binti yangu akacheka, peke yake, amechelewa kabisa.

"Kwa hiyo chai ni yako, Baba," akasema.

Nikainuka. Nilishika ukuta mpaka jikoni. Nikajaza birika, nikalibandika motoni, nikafungua kabati la kwanza, nikakuta sahani. La pili, kitambaa na uzi. Nikafungua la chini, nikafungua hata kopo la pini. Yeye alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu.

"Unatafuta nini? Na daktari si alikukataza chai?"

Birika lilianza kuvuma. Nikashika ukingo wa sinki, nikamwambia kwamba daktari hajawahi kunikataza chai, ila tangu mama yake afariki, sijui majani ya chai yanakaa wapi.